Shimo Liliuzwa, Kifua Kikabaki

Katika wanyama wote wa Nyanda za Juu Kusini hakuna aliyejua kuchimba kumshinda Muhanga. Mungu alimpa kucha za kupasua udongo mgumu, masikio ya kulaza nyuma yasiingiwe na mchanga, na pua inayojifunga anapozamisha kichwa ardhini. Alichimba usiku, na shimo aliloliacha halikukaa tupu. Ngiri aliingia na watoto wake, Chatu akajisitiri humo wakati wa baridi, popo wakaning'inia darini. Wanyama wengi wa kutoka milima ya Uporoto hadi bonde la Kiwira walilala katika nyumba ambazo hawakuzichimba, wala hakuna aliyefikiri kwamba wana deni, kwa kuwa Muhanga hakuwahi kudai kitu.

Siku moja akagonga jiwe jeusi.

Ilikuwa kwenye safu za Songwe na Kiwira, jirani na pale ambapo watu walifungua mgodi wao wa makaa ya mawe mwaka 1988 kwa msaada wa China. Wanyama walikuwa wakiwatazama watu wakiingia ardhini kwa zamu, taa vichwani, na kutoka wakiwa weusi hadi kwenye kope. Waliona malori yakipeleka makaa kwenye tanuri la saruji la Songwe. Ngiri alikuwa wa kwanza kuelewa kwamba jiwe lile linawaka, na baridi ya Juni na Julai huko juu kila mnyama anaijua.

"Ndugu yangu Muhanga," alisema, "nichimbie jiwe jeusi. Kila alfajiri nitakupa kibuyu cha mchwa. Hutahangaika tena kuzunguka vichuguu."

Muhanga alikuwa na watoto. Akakubali.

Kazi ikagawanywa. Panya walibeba, Nungunungu alipakia, na Muhanga alitangulia mbele kabisa. Makaa hulala katikati ya miamba mingine, na anayetaka kuyafikia sharti aupasue mwamba kwanza ili kufungua njia mpya. Hapo ndipo vumbi huwa baya kuliko mahali pengine popote mgodini. Pua ya Muhanga iliumbwa kwa ajili ya mchanga. Vumbi la mwamba lilikuwa laini mno, na hata kama pua ingeweza kulizuia, nani awezaye kufanya kazi zamu nzima bila kuvuta pumzi?

Usiku mmoja dari iliporomoka na kumvunja Nungunungu mguu. Wote waliiona damu. Ngiri alileta vikapu vya viazi, akamkabidhi majeruhi mbele ya kadamnasi, akasifiwa kwa moyo wake, na kwa kweli alifanya jambo jema. Usiku uleule Muhanga alivuta vumbi lake la kila siku, na hakuna aliyeona chochote.

Miaka ikapita. Kilianza kikohozi cha alfajiri ambacho wachimbaji wote wanacho na hakuna anayekiita ugonjwa. Kisha pumzi ikaanza kumwishia kwenye mpando. Asubuhi moja, nyuma ya nyumba, Muhanga aliinamia jani la mgomba akakohoa mara mbili, na mara ya tatu ikabidi ashike shina asianguke. Kilichotoka kilikuwa cheusi. Mkewe alilichukua jani, akaligeuzageuza kwenye mwanga, akalikunja na kulichomeka darini juu ya moto, mahali anapokaushia mbegu za mahindi.

"Unalitunza la nini?" Muhanga aliuliza.

"Baba Tusekile, ipo siku watatuuliza," mkewe alijibu. Tangu siku hiyo kila jani lilikwenda darini.

Mganga Nyani alimpa dawa za kifua kikuu, akapata nafuu. Miezi ikapita, akarudi, akapewa tena. Nyani hakukosea kabisa, kwa sababu kifua kilichojaa vumbi la mwamba hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Lakini kifua kikuu kikiisha kupona, vumbi hubaki pale pale, na kovu lake kwenye mapafu halina dawa ya kulifuta. Nyani hakumuuliza swali moja ambalo lingefungua kila kitu: unafanya kazi gani, na tangu lini?

Wakati huo Ngiri aliuza shimo. Siku ya makabidhiano Chatu alifika na mashahidi wake, wakahesabu nguzo za mbao zinazoshikilia dari, wakahesabu vikapu, wakapima marundo ya makaa. Kila kitu kilihesabiwa isipokuwa vifua vya waliokuwa ndani. Baadaye Chatu naye akauza, Fisi akanunua, nguzo zikahesabiwa upya.

Muhanga alipoishiwa nguvu za kuchimba alikwenda kwa Fisi.

"Pole sana, mzee wangu," Fisi alisema. "Lakini mimi nilinunua shimo. Sikununua kifua."

Akaenda kwa Chatu. Chatu alimwambia kwamba wakati wake kazi ilisimama kwa misimu mingi, basi vumbi hilo haliwezi kuwa la kwake. Akaenda kwa Ngiri, umbali wa siku mbili kwa mguu kwa mwenye afya. Yeye alitumia tano. Ngiri alimkaribisha, akampa maji, wakakumbushana ya zamani, kisha akasema shimo si lake tena, na deni la shimo liko na mwenye shimo.

Ikabaki ofisi ya malalamiko ya pori, na karani wake alikuwa Kakakuona. Huyu hakuwa na ubaya wa moyo. Tatizo lake ni kwamba akiulizwa swali gumu alijikunja akawa duara la magamba, na mdai alilazimika kungoja hadi ajikunjue.

"Tarehe ya kuumia?" Kakakuona aliuliza, kalamu mkononi.

"Niliumia kila usiku, mwanangu."

"Fomu inataka siku moja."

"Basi andika siku niliyoanza kazi."

"Siku uliyoanza kazi ulikuwa mzima. Nani shahidi?"

"Waliokuwa mashahidi wamekufa kwa kikohozi hiki hiki."

Kakakuona akajikunja.

Hapo ndipo Kipunji alipoingia katika habari hii. Kipunji ni kima wa misitu ya Mlima Rungwe, na anajua vizuri mateso ya kuwepo bila kuandikwa. Aliishi mlimani humo vizazi na vizazi, wawindaji wa Kinyakyusa wakimfahamu kwa sura na kwa sauti, lakini wataalamu wa sayansi wa dunia hawakumtangaza hadi mwaka 2005. Kabla ya hapo vitabu vyao vilisema hayupo. Aliposikia fomu inamwambia Muhanga kwamba hakuumia kwa sababu hana tarehe, aliona habari yake mwenyewe.

"Tata," alimwambia Muhanga, "usirudi kwa Kakakuona. Tunakwenda barazani."

Kipunji ana jamaa zake mkoani Iringa, katika msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa, kwa maana ni sehemu hizo mbili tu za dunia, huku Rungwe hadi Kitulo na kule Udzungwa, ambako kabila lake huishi. Akatuma habari huko, na wa Ndundulu wakamwomba Tembo mzee wa Ruaha aitishe baraza Isimila, penye nguzo za mchanga.

Safari ya Muhanga kutoka Rungwe ilikuwa ushahidi wa kwanza kabla hajasema neno. Kila mpando alisimama. Alilala Makambako, akalala Mafinga ambako baridi ilimkaba hadi wenzake wakadhani wanamzika hapo. Alipofika Isimila wenyeji wakamwamkia, "Kamwene!", naye akashindwa kuitikia kwa pumzi moja. Tembo aliyaona hayo, akanyamaza.

Ngiri alisema kwanza. Alipokuwa na shimo alilipa kila kibuyu, na mguu wa Nungunungu aliugharamia. Kama Muhanga aliumia, mbona hakusema wakati huo? Chatu akasema sheria ya pori ni kila mtu na shimo lake. Fisi akasema jambo ambalo wengi waliliona la haki: kama kila mnunuzi atabebeshwa magonjwa ya waliomtangulia, nani atanunua tena, na nani atatoa kazi?

Kipunji akasimama.

"Waheshimiwa, tunaishi jirani na watu, na watu wameyapitia haya kabla yetu. Mgodi wao wa Kiwira nao ulibadilisha mikono. Ulikuwa wa umma, mwaka 2005 asilimia 70 ya hisa ikaenda kwa kampuni binafsi, kisha ukarudi kwa umma chini ya Shirika la Madini la Taifa, STAMICO. Je, mapafu ya wachimbaji yalibadilika kila hisa zilipohama? Mwaka 2003 na 2004 watafiti wa Muhimbili na wa Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway walipima vumbi ndani ya mgodi huo, na mwaka 2006 wakachapisha walichokiona. Waliovuta vumbi jingi zaidi, na madini ya silika mengi zaidi, ni kundi linalofungua njia mpya kwenye mwamba. Ndugu Ngiri, shimoni kwako nani alitangulia mbele?"

Ngiri akasema ni Muhanga.

"Zamani," Kipunji akaendelea, "watu walikuwa na sheria ya fidia iliyoachwa na mkoloni. Chini yake kila mwajiri alibeba mzigo peke yake. Akifilisika au akitoweka, mfanyakazi alifilisika naye. Kiwango cha juu cha malipo kiliandikwa kwa shilingi zilizokaa pale pale huku bei ya unga ikipanda. Mwaka 2008 Bunge lao likatunga Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, na Julai 2015 Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi. Kila mwajiri huchangia, leo ni asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa, na mfanyakazi hakatwi hata senti. Aliyeumia halazimiki kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Anachotakiwa kuonyesha ni kwamba maradhi yake yametokana na kazi. Hutibiwa. Ulemavu wake ukizidi asilimia 30 hulipwa pensheni kila mwezi, na usiozidi hapo hulipwa kwa mkupuo. Akifa, wategemezi wake hawaachwi. Haba na haba hujaza kibaba. Hofu ya Fisi ina jibu hapo. Hakuna mnunuzi mmoja anayebebeshwa mzigo wa wote, kwa kuwa wote wameshauchangia kabla mgonjwa hajaugua."

Mbayuwayu alikuwa ametua kwenye nguzo ya mchanga. Yeye huja kila mwaka kutoka Ulaya na kuteremka hadi Afrika Kusini. Naye akaomba nafasi.

"Uingereza," alisema, "migodi ya makaa ya serikali iliuzwa mwaka 1994, lakini deni la vifua halikuuzwa pamoja nayo. Mwaka 1998 Mahakama Kuu iliamua kwamba shirika la makaa la serikali linawajibika kwa mapafu ya wachimbaji, na serikali ikalipa. Madai yaliyofika yalizidi nusu milioni. Marekani walitunga sheria mwaka 1969, na mwaka 1978 wakaanzisha mfuko unaochangiwa na kodi ya kila tani ya makaa, ili mchimbaji ambaye mwajiri wake hapatikani tena naye alipwe.

"Afrika Kusini habari ni ya dhahabu, lakini vumbi ni ndugu. Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya kuwalipa wachimbaji wenye silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la silika, pamoja na waliotoka nchi nyingine. Ila makubaliano yanaanzia kwa waliofanya kazi tarehe 12 Machi 1965 na kuendelea. Ninyi wa Rungwe mnawakumbuka wanaume wenu walioandikishwa na shirika la WENELA miaka ya 1950 kwenda kwenye migodi ile. Aliyeacha kazi kabla ya tarehe hiyo, mlango haukufunguliwa kwake. Nimeona nchi nyingi, na kila mahali ugonjwa huchukua miaka kujitokeza. Tarehe ya mwisho huwa imewekwa na mtu ambaye hakohoi."

Baraza likageuka kumtazama Muhanga. Hakuwa na pumzi ya hotuba. Mkewe alisimama badala yake, akafungua furushi na kuyapanga majani makavu chini moja moja, kuanzia la kwanza. Ya mwanzo yalikuwa na doa dogo. Ya katikati yalikuwa na doa la upana wa kiganja. Ya mwisho yalikuwa meusi karibu yote. Aliyapanga kwa utaratibu, akiyanyoosha kingo zilizojikunja, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

"Karani alitaka siku moja," alisema. "Mimi nimeleta zote."

Tembo alishuka hadi kwenye korongo la Isimila, akaokota jiwe lililochongwa, akarudi nalo.

"Zana hii," alisema, "imetengenezwa na mikono iliyofanya kazi hapa mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Wataalamu wakija huiokota wakasema, hapa palikuwa na kazi, na mfanyaji alikuwa hivi na hivi. Kama jiwe linatosha kumshuhudia mfanyakazi wa zama zile, kwa nini kifua cha mfanyakazi wa jana kisitoshe? Ngiri, unauliza mbona hakusema. Hakusema kwa sababu vumbi halikuwa limesema. Lingesema vipi mwanzoni, na desturi yake ni kunyamaza miaka mingi?

"Nahukumu hivi. Fidia itafuata mwili, haitafuata mlango. Kila mwenye shimo, wa jana na wa leo, ataweka kikapu kimoja kwa msimu katika ghala la pamoja, na ghala hilo ndilo litakalomlipa Muhanga kuanzia leo na kila mchimbaji atakayefuata. Muda wa kudai utaanza kuhesabiwa siku mganga atakapoutaja ugonjwa kwa jina lake. Hautahesabiwa tangu siku mchimbaji alipotoka shimoni. Kila anayeingia kuchimba atasikilizwa kifua siku ya kwanza, kila mwaka, na siku ya kuondoka, na nakala ya maandishi atabaki nayo mwenyewe. Kakakuona, ule mstari wa tarehe ya kuumia utabaki kwa ajili ya miguu iliyovunjika. Kwa vifua, utaandika mwaka wa kuanza, mwaka wa kuacha na kazi aliyoifanya. Na wewe Fisi, utamwaga maji juu ya mwamba kabla haujapasuliwa, na utaingiza hewa, kwa sababu vikapu vyote vya ghala haviwezi kununua pafu moja."

Fisi aliuliza kama maji hayatapunguza uzalishaji.

"Yatapunguza," Tembo alijibu. "Endelea kuyamwaga."

Muhanga alilipwa. Hakupona, maana ugonjwa huo hauponi, lakini watoto wake walikula, na alipozidiwa alipata mtu wa kumwangalia bila mkewe kuacha shamba. Nungunungu alikuwa wa kwanza kupeleka mchango wa hiari ghalani, ingawa hakuna sheria iliyomtaka. Alisema mguu wake ulikuwa na bahati ya kutoa damu.

Hekaya imekwisha, na wanaohusika nayo ni watu. Naiandika kwa ajili ya waliochimba makaa Ileje, Kyela na Rungwe, ambao leo wanahesabiwa kuwa wagonjwa wa kawaida wa kifua katika zahanati za vijijini. Sheria tuliyonayo ni njema kuliko ile ya mkoloni, na mfuko uliopo ni jibu sahihi kwa swali la migodi inayobadilisha wamiliki. Lakini mfuko hulipa anachoweza mtu kukionyesha, na ugonjwa wa vumbi hujionyesha kwa kuchelewa, mara nyingi baada ya mwajiri kuondoka na majalada kupotea. Waliotoka shimoni kabla ya Julai 2015, na wanaopumua kwa shida leo, wanastahili kutafutwa kijiji kwa kijiji na kupigwa picha za kifua. Haifai kungoja waje wenyewe na fomu mkononi. Tabibu wa zahanati anaweza kuanza kesho bila bajeti yoyote, kwa kumuuliza kila mzee anayekohoa alifanya kazi gani ujanani.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imeshaweka msingi wa kumpima mfanyakazi afya. Kipimo hicho kisiishie kwenye jalada la ofisi. Mchimbaji adai nakala yake, aitunze pamoja na hati ya shamba na vyeti vya watoto, na mkewe ajue ilipo. Huko Ludewa, ambako makaa ya Mchuchuma yanatajwa kwa matumaini makubwa, bado kuna nafasi ya kufanya kwa wakati kile ambacho Kiwira inadaiwa kwa kuchelewa. Kila kijana atakayeajiriwa huko apimwe kifua kabla hajashika zana, kipimo kiandikwe, na maji na hewa viwepo mgodini kabla ya yeye kuingia. Kumlinda ni rahisi kuliko kumlipa, na kumlipa ni wajibu pale tuliposhindwa kumlinda.